Skuna Iliyorudishwa na Cabo Verde, na Vijana Wanaoiweka Hai

Kinachoua chombo cha mbao upesi kuliko dhoruba ni maji ya mvua. Maji ya chumvi huzuia kuvu inayoozesha mbao, maji matamu huilea. Mvua hupenya kwenye maungio ya sitaha, hushuka taratibu hadi vichwani mwa mataruma, yaani mbavu za chombo, na hapo hutuama, mahali ambapo jicho halifiki wala upepo haupiti. Nje rangi inang'aa, ndani taruma limegeuka unga.

Kazi yangu ni kuhifadhi vyombo vya zamani vya mbao. Watu wanaponijia kuhusu jahazi la mzee wao lililolala ufukweni miaka nenda miaka rudi, mara nyingi wazo lao ni moja: tulitie rangi, tulijengee uzio, tuweke kibao cha historia. Nia njema kabisa. Lakini chombo kikitolewa baharini huwa kimetengwa na watu wake, na watu hao ndio waliokuwa wakikihifadhi kila siku bila kuiita kazi hiyo uhifadhi. Nataka kulieleza hili kupitia skuna moja ya Marekani, chombo cha tanga chenye milingoti miwili au zaidi, ambayo kila mpenda majahazi wa pwani yetu anastahili kuifahamu, maana iliwahi kuokolewa na nchi ya Kiafrika.

Inaitwa Ernestina-Morrissey. Iliteremshwa majini Februari 1894 katika mji wa Essex, Massachusetts, ikiitwa Effie M. Morrissey, jina la binti wa nahodha wake wa kwanza. Ni skuna ya milingoti miwili, ya kuvulia samaki aina ya chewa katika maji baridi ya Atlantiki ya kaskazini. Ilifanya kazi hiyo kutokea Gloucester, baadaye Nova Scotia na Newfoundland. Kuanzia 1926 nahodha Bob Bartlett akaipeleka kwenye barafu za Aktiki, safari baada ya safari, hadi alipofariki mwaka 1946. Watafiti walipanda humo, na pamoja nao vijana wa shule na vyuo ambao familia zao zililipia nafasi, kisha wakafanyishwa kazi kama baharia mwingine yeyote. Kwa hiyo skuna hii ilikuwa ikifundisha vijana kabla hajatokea mtu wa kuiita chombo cha kihistoria.

Bartlett alipofariki mambo yakaharibika haraka. Skuna ilishika moto ikiwa New York, ikazama. Kwa Wamarekani wengi huo ulikuwa mwisho wake. Kwa nahodha Henrique Mendes wa Cabo Verde, visiwa vilivyo magharibi mwa Afrika, ulikuwa mtaji. Yeye na dada yake waliinunua, wakaitengeneza, wakaipa jina la binti wa Henrique, Ernestina, na mwaka 1948 ikaelekea visiwani.

Hapa naomba tutue kidogo, kwa sababu sehemu hii hupitwa haraka na wanaosimulia habari zake. Watu wa Cabo Verde walikuwa na desturi ya kununua vyombo vya tanga ambavyo Wamarekani walikuwa wamevichoka, na kuvifanyisha kazi ya kuunganisha visiwa vyao na bandari za Providence na New Bedford, ambako ndugu zao walikuwa wamehamia. Vyombo vilipeleka wahamiaji, vikarudi na mapipa ya nguo, vyakula na vifaa vya ujenzi kwa waliobaki nyumbani. Ernestina ilifanya biashara hiyo ya kuvuka Atlantiki hadi mwaka 1965, na inahesabiwa kuwa miongoni mwa vyombo vya mwisho vya tanga vilivyoleta wahamiaji Marekani kwa safari za kawaida. Msomaji wa Zanzibar, Mombasa au Sur ya Oman aliyesikia habari za majahazi ya pepo za kaskazi na kusi hahitaji kuelezwa zaidi. Chombo cha namna hiyo huwa kimebeba karibu kila ukoo wa mji.

Cabo Verde ilipata uhuru mwaka 1975. Mwaka uliofuata skuna ilijaribu kuvuka kwenda New York kwenye maonyesho ya vyombo vya tanga, ikavunjika milingoti baharini, ikalazimika kurudi. Taifa hilo changa, lenye ukame na lenye kila sababu ya kuiacha ioze, likaamua kuijenga upya katika bandari ya Mindelo na kuizawadia Marekani. Huko ng'ambo nako jamaa wa Cabo Verde na wapenzi wengine wa skuna hii wakachangishana. Mwaka 1982 ikavuka Atlantiki ikiwa na mabaharia wa pande zote mbili. Jimbo la Massachusetts likawa mmiliki, New Bedford ikawa bandari yake, na ikaanza kuchukua wanafunzi. Mwaka 1990 ikapewa hadhi ya alama ya kihistoria ya kitaifa.

Kisha ikasimama. Katikati ya miaka ya 2000 fedha zilipungua, mwili wa chombo ukawa umechoka, na ikapoteza kibali cha kuchukua abiria. Ikafungwa gatini New Bedford kwa karibu miaka kumi.

Kwa fundi, miaka kumi ya kufungwa ni mibaya kuliko miaka kumi ya kazi, na sababu zake zinaonekana kwa macho. Chombo kinachosafiri huoshwa sitaha kwa maji ya bahari asubuhi na jioni. Watu hudhani ni usafi. Kwa kweli maji yale yanazivimbisha mbao za sitaha, maungio yanabana, na chumvi inaingia kwenye nyufa ambamo kuvu ingeota. Chombo kilichofungwa hakina wa kukiosha: upande wa jua unakauka, pamba ya kalafati, ile inayoziba maungio, inalegea, mvua inaingia. Kisha kuna uzito. Katikati ya chombo panabebwa vizuri na maji, lakini omo na tezi, yaani mbele na nyuma, ni vyembamba, havipati msukumo huo, kwa hiyo mwaka hadi mwaka ncha zote mbili zinainama na mkuku, uti wa chini wa chombo, unapinda mgongo. Chombo kinachotumika hugundulika mapema kikianza kupinda, kwa sababu kuna watu wanaoishi humo ambao wataona mlango wa chumba haufungi tena kama zamani.

Tena, kwenye safari za mafunzo vijana hugawanywa zamu, na kila zamu mmoja wao hushuka na taa kwenye ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, hupima maji yaliyomo, akaandika daftarini. Kwa kijana ni kazi ya kuchosha, hasa saa nane za usiku. Kwangu mimi, daftari hilo lina thamani kuliko ripoti nyingi za wataalamu. Likinionyesha kwamba maji yamekuwa yakiongezeka kila chombo kinapolalia upande wa kushoto, najua ubao wa kufungua kabla sijashika tezo.

Zingatia pia jinsi tanga kuu la skuna linavyopandishwa. Tofauti na jahazi letu lenye foromali moja ndefu, yaani mti unaoshika tanga kwa juu, tanga la skuna lina boriti chini na foromali fupi juu, na foromali hiyo ina henza mbili, yaani kamba za kuipandishia: moja karibu na mlingoti, nyingine kwenye ncha. Watu hujipanga mistari miwili, huku na huku. Ni lazima foromali ipande ikiwa sawa. Mstari mmoja ukiwahi, inakwama kwenye mlingoti. Anayesimamia anaangalia juu tu, anaamuru huyu avute, yule angoje. Ikifika juu, henza ya mlingotini inafungwa, kisha wote wanahamia kwenye henza ya nchani na kuvuta mpaka makunyanzi ya mshazari yatokee kwenye tanga. Kazi hii inataka mikono mingi. Zamani wavuvi wenyewe walikuwa wengi na walilipwa kwa samaki. Leo hakuna mwenye chombo anayeweza kulipa mishahara ya watu wote hao, na ukiweka mashine mahali pao, umebaki na umbo la skuna lakini kazi yake umeizika.

Ndiyo maana nasema mafunzo ya ubaharia na uhifadhi ni kazi moja. Wanafunzi hawapandi chombo ili kukishukuru au kukitazama. Wanajaza nafasi za wavuvi wa 1894, na bila wao chombo hakiendi.

Watu wa New Bedford walilijua hili. Wakati skuna imefungwa, chama cha marafiki wake na wazee wa jamii ya Cabo Verde hawakuiacha isahaulike. Walijitolea, walichangisha, wakaisumbua serikali ya jimbo. Mwaka 2015 ikapelekwa Boothbay Harbor, Maine, kwa fedha za jimbo pamoja na wahisani, na kujengwa upya kukachukua miaka kadhaa. Mwaka 2022 ikarudi majini, na jimbo likaikabidhi kwa chuo cha ubaharia, Massachusetts Maritime Academy. Uamuzi huo wa mwisho naupenda kuliko yote. Wangeweza kuipa makumbusho. Waliipa shule.

Kuna watakaouliza kama hiyo bado ni skuna ya 1894, ikiwa mbao zake nyingi ni mpya. Swali hilo halikusumbui ukikulia karibu na mafundi wa Matondoni, Lamu. Jahazi hubadilishwa ubao mmoja mmoja maisha yake yote, na hakuna anayesema limekuwa jahazi jingine. Ninachodai mimi ni kwamba ubao mpya uchongwe kwa kufuata ule wa zamani ukiwa bado upo, na kijana awe amesimama pembeni akiona unavyochongwa. Ukikosa hilo, habari inakatika. Mtepe wetu ulikatika hivyo. Vyombo vile vya kushonwa kwa kamba vilitoweka katika karne ya 20 pamoja na waliojua kuvishona, na waliokuja kujenga mtepe wa kuonyeshwa Zanzibar miaka mingi baadaye walilazimika kutegemea mifano midogo na picha.

Mji wa Sur, Oman, una kisa kinachonigusa vilevile. Mwaka 1993 wenyeji walichanga fedha zao, wakalinunua jahazi lao la zamani, Fatah al-Khair, lililokuwa Yemen, na kulirudisha nyumbani. Sijui mfano mzuri kuliko huo wa watu kulipenda jahazi lao. Leo limesimama nchi kavu, linatunzwa na kutazamwa. Naliheshimu, na ningefurahi zaidi kama vijana wa Sur wangejifunza tanga juu yake.

Kwetu, mafundi bado wapo na mashindano ya mashua ya Lamu yanaendelea kuwapa vijana sababu ya kushika kana, mkono wa usukani. Lakini shindano ni la siku moja, na mashua ni ndogo. Kinachokosekana ni jahazi kubwa linalochukua wanafunzi kwa wiki kadhaa, likibisha dhidi ya upepo, likipwelezwa ufukweni kupigwa kalafati na kupakwa deheni, mafuta ya kukinga mbao, likirudi baharini, na kazi hizo zote ziwe zao.

Kikundi kinachotaka kuanza nakishauri kisianze na mbao. Mtafuteni kwanza nahodha mzee aliyewahi kuendesha jahazi la ukubwa huo, muulizeni kama ana nguvu ya kufundisha, na mkubaliane mtamlipa nini kwa mwezi. Malipo hayo yawe mstari wa kwanza wa bajeti, juu ya misumari na juu ya rangi. Andikeni mapema nani atakuwa mwenye chombo kisheria, kwa sababu jahazi la watu wote bila hati huishia kuwa la aliye karibu nalo. Zungumzeni na shule au chuo kilicho karibu kabla hamjachagua chombo, mjue watakuja wanafunzi wangapi na wa umri gani, wavulana na wasichana, ili sehemu za kulala zijengwe kwa idadi hiyo. Fundi mwiteni baada ya hapo, naye aje na wanagenzi wake.