Kigandishi cha mmea: mbegu ya mlonge na maji ya tope

Chota maji ya mto wakati wa masika, yaache kwenye ndoo usiku kucha. Asubuhi mchanga utakuwa umezama, lakini maji bado yana rangi ya chai ya maziwa. Kilichobaki humo ni chembe za udongo wa mfinyanzi, ndogo mno, zote zikiwa na chaji hasi. Kwa kuwa zinasukumana, haziungani, na zisipoungana hazipati uzito wa kuzama. Kigandishi ni kitu kinachozifanya zishikane. Kinachojulikana zaidi ni shabu, ile chumvi ya alumini. Kigandishi cha mmea hufanya kazi hiyohiyo, ila hutoka shambani.

Mfano wake maarufu ni mlonge, ambao wengine huuita mzunze. Sizungumzii ule unga wa majani unaouzwa siku hizi kama dawa ya kila ugonjwa. Hapa kazi ni ya mbegu. Punje yake nyeupe ina protini yenye chaji chanya, inayoyeyuka majini. Protini hiyo huzinasa zile chembe, zikawa mabonge, mabonge yakashuka chini kama mashapo. Wanawake wa vijiji vya kando ya Nile, Sudani, walikuwa wakiitumia nyumbani, na miaka ya 1970 mtafiti Samia Al Azharia Jahn akazichunguza na kuziandika mbinu zao. India nako kuna mbegu za mti uitwao nirmali, ambazo husuguliwa ndani ya mtungi kabla ya kutia maji.

Mbegu zitoke kwenye maganda yaliyokaukia mtini, kwani za maganda mabichi hazifai. Menya, twanga, chekecha, koroga unga kwa maji safi kidogo, kisha chuja kwa kitambaa. Tui hilo limimine ndooni, koroga haraka kwa dakika moja, halafu polepole kwa dakika tano hadi kumi, uache saa moja au mbili bila kugusa. Kwa tope la wastani, mbegu moja hutosha lita mbili. Tope likiwa zito, moja au hata mbili kwa lita moja. Hata mashudu yanayobaki baada ya kukamua mafuta yanafaa, maana protini haiondoki na mafuta.

Tatizo ni kwamba maji yaliyong'aa hudanganya macho. Bakteria wengi huzama na mashapo, lakini si wote, kwa hiyo bado uyachemshe au utie klorini, ambayo hufanya kazi vizuri zaidi tope likishatoka. Vilivyoyeyuka, kama floridi ya visima vya Arusha au chumvi ya visima vya pwani, usiutegemee mlonge kuviondoa. Tena tui lenyewe huacha mabaki yanayowalisha wale bakteria waliosalia, ndiyo maana maji haya hayawekwi akiba: yamimine taratibu bila kutibua mashapo, yachemshe, yatumie siku hiyohiyo.