Je, wajua? Kwa nini sangara ana zebaki nyingi kuliko dagaa wa ziwa hilohilo

Kwa miaka mingi nilichambua dagaa kwa makini ya fundi saa. Kichwa kando, utumbo kando, na kile kijiti kilichobaki ndicho nikakiita mboga. Hoja yangu ilikuwa hivi: Geita wachimbaji wadogo wanakamatia dhahabu kwa zebaki, zebaki inaishia Ziwa Victoria, na dagaa analiwa mzima na tumbo lake, basi sumu yote iko kwake. Sangara anapasuliwa, utumbo unatupwa, unakula minofu mitupu. Shangazi yangu, aliyeuza dagaa kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, tangu sijaanza shule, alinitazama siku moja akasema tu, "Unatupa mboga, mwanangu."

Sikukosea kidogo tu. Niliupindua ukweli kichwa chini miguu juu. Kwenye ziwa hilohilo, gramu ya minofu ya sangara mkubwa kwa kawaida ina zebaki nyingi kuliko gramu ya dagaa mzima, utumbo ukiwamo.

Kwanza, ile zebaki ya majimaji inayong'aa, ambayo mchimbaji huichanganya na mawe yaliyosagwa kisha akaikamua kwenye kitambaa, siyo hasa inayojaa kwenye samaki. Ikichomwa hugeuka mvuke, na wa kwanza kuuvuta ni mchomaji mwenyewe na waliomzunguka. Ili ipande kwenye chakula, sharti bakteria wa kwenye tope lisilo na oksijeni, kama lile la chini ya mafunjo, waigeuze kuwa methili-zebaki, aina ya zebaki inayoingia na kukaa mwilini mwa viumbe. Na tena si machimbo pekee yanayoileta ziwani. Nyingine hushuka na mvua kutoka angani, na nyingine husombwa na udongo wa mashamba.

Sasa tufike kwenye utamu wenyewe. Chukua chujio la chai. Unamimina, chai inapita, majani yanabaki. Mimina kikombe cha pili bila kukung'uta, majani yanaongezeka. Samaki ni chujio lisilokung'utwa. Chakula anachokula huchomwa mwilini kuwa nguvu ya kuogelea, kinapita kama chai. Methili-zebaki haichomwi. Inashikamana na protini za misuli na kutoka polepole mno. Hata kwa binadamu, nusu ya aliyoila leo huchukua kama miezi miwili kutoka, na kwa samaki ni taratibu zaidi.

Dagaa ni chujio dogo. Anakula vijidudu vinavyoelea majini, anaishi mwaka mmoja au miwili hivi, basi. Sangara hali vijidudu akishakua. Anakula dagaa, furu, hata watoto wa sangara wenzake. Yaani anachomiminiwa si chai, ni majani yaliyokwisha kuchujwa na wengine. Tuseme anahitaji kilo kumi za dagaa ili aongeze kilo moja ya mwili. Kilo tisa zimekwenda kwa nguvu na kinyesi, lakini sehemu kubwa ya methili-zebaki ya kilo zote kumi imebanwa ndani ya ile kilo moja. Ukihesabu kuanzia kwenye maji, ngazi kwa ngazi, samaki mla samaki anaweza kuwa na kiwango kinachozidi cha maji yanayomzunguka hata mara milioni. Ndiyo maana maji ya ziwa yanaweza kupimwa yakaonekana safi, na samaki aliyemo humo akatoa jibu jingine.

Hapo ndipo kisu changu kilipokosa kazi. Kwa kuwa imeshikamana na protini, haiko hasa kwenye utumbo wala kwenye mafuta; nyingi iko kwenye nyama yenyewe. Kumlowesha samaki kwenye ndimu hakuitoi, kumchemsha hakuitoi. Ukimkaanga, maji yanakauka na zebaki inabaki, kwa hiyo kwa kila gramu unayotafuna imeongezeka kidogo. Nami nilikuwa natupa vichwa na kalsiamu ya mifupa yake, huku nikijipongeza.

Nijitetee kidogo, maana kosa langu lina punje ya ukweli. Madini mengine hayana tabia hii. Kadimiamu hupenda ini na figo, risasi hupenda mifupa, na hayo hayapandi ngazi za chakula kama methili-zebaki. Kwa hayo, samaki anayeliwa mzima ana hoja ya kujibu, hasa akivuliwa karibu na mtaro wa mji. Na dagaa aliyeanikwa mchangani mchambue tu, kwa heshima ya meno yako.

Je, sangara aogopwe? Vipimo vilivyochapishwa vya samaki wa Ziwa Victoria kwa sehemu kubwa vimekuwa chini ya nusu miligramu ya zebaki kwa kilo, kipimo ambacho nchi nyingi zimekitumia kama mpaka. Maelezo mojawapo ni kwamba sangara hunenepa upesi, na zebaki inatawanyika kwenye nyama nyingi, kama sharubati iliyoongezwa maji. Ila vipimo hivyo vimechukuliwa sehemu chache na miaka tofauti, na ziwa hili ni pana. Kijito kinachopita kando ya machimbo usikihukumu kwa samaki wa katikati ya ziwa.

Kuna kituko kimoja siwezi kukiacha. Miaka ya 1990, watafiti kutoka Japani, nchi ambayo mwaka 1956 iligundua ugonjwa wa Minamata uliotokana na zebaki ya kiwandani kwenye samaki, walipima nywele za wachimbaji, wavuvi na wakazi wa Mwanza. Walitegemea chanzo kiwe machimbo ya dhahabu au samaki. Wengi walikuwa na kiwango cha kawaida. Wachache walikuwa na kiwango cha kutisha, na si wachimbaji peke yao. Walipofuatilia, chanzo hakikuwa sangara wala dagaa. Kilikuwa sabuni ya kuogea yenye zebaki, ile ya kung'arisha ngozi.

Shangazi nilipomsimulia, aliuliza kama ile sabuni ilikuwa ya rangi gani.