Siku ya randevu, dawa humezwa vilevile

"Muganga, leo sijameza dawa. Nilitaka muone presha yangu ya kweli."

Maneno hayo yananifikia kila siku ya kliniki ya presha na sukari hapa Bukavu. Mara nyingi anayeyasema ni mama aliyetoka Bagira au Kadutu alfajiri, akaacha watoto kwa jirani na bidhaa zake sokoni mikononi mwa mdogo wake. Ameacha yote hayo ili apimwe, kisha akaharibu kipimo chenyewe.

Presha yako bila dawa tunaijua. Iliandikwa kwenye fishi siku ulipoanza matibabu. Siku ya randevu tunataka kujua kama dawa inakusaidia, na dawa iliyobaki nyumbani hatuwezi kuipima. Nikikuta 170 kwa 105, na wewe umenyamaza, nitaongeza dozi au kidonge cha pili. Kesho unameza vyote, presha inashuka kupita kiasi, unainuka kugeuza bugali kizunguzungu kinakukamata, na shemeji anatangaza kwamba dawa za hospitali zinaua watu.

Hata familia inalipa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unasema mtu ambaye presha yake imetulia aonwe kila baada ya miezi 3 hadi 6, lakini aliyeanzishiwa au kubadilishiwa dawa arudi kila mwezi mpaka atulie. Kila kurudi ni pesa ya moto (pikipiki), siku bila kuuza, na binti mkubwa kukosa shule ili alinde wadogo. Mnalalamika kwamba randevu zimekuwa nyingi, na kumbe kidonge ulichoacha kumeza asubuhi ile ndicho kilichozizalisha.

Chanzo cha imani hii nakijua: uliambiwa uje bila kula. Hiyo ni kwa kipimo cha sukari ya asubuhi, kukaa muda wa saa 8 bila chakula. Maji hayajakatazwa, na kidonge cha presha kinashuka na maji hayohayo. Dawa zinazongoja ni za sukari, kama glibenklamidi au insulini ya chakula, kwa sababu ukizitumia na tumbo tupu utaanguka kwenye foleni. Zibebe pamoja na chakula, utumie ukishatolewa damu na chakula kiko mkononi. Wengine wanaacha furosemidi, dawa ya kukojosha, kwa kuogopa mkojo njiani. Hao siwagombezi, nani anataka kutafuta choo katikati ya msongamano wa pale Essence mjini? Uliza kama hiyo inaweza kungoja mpaka urudi nyumbani, mara nyingi nakubali. Ila sema, tuandike.

Na ukishapanda milima yetu kwa miguu, usikimbilie kunyoosha mkono. Nenda ukojoe, keti dakika 5, egemeza mgongo, miguu chini, mdomo kimya. Muuguzi akikuharakisha, mwambie bado unapumzika. Mimi nimekuruhusu.

Ndugu yake imani hiyo ni kujizuia soda na mandazi siku tatu kabla ya kupimwa sukari. Kipimo cha damu kiitwacho HbA1c kinaonyesha wastani wa sukari yako ya miezi 2 hadi 3 iliyopita. Siku tatu za utakatifu hazikifichi kitu.

Na nyumbani nako nasikia mengine. "Mgonjwa apikiwe sufuria yake." Kwa nini? Kikomo cha chumvi, chini ya gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, ni cha kila mtu mzima, awe na presha au hana. Sombe ya nyumba nzima ipikwe na chumvi kidogo, na makayabo, samaki wa chumvi, yalowekwe usiku, maji yamwagwe. Mwenye sukari anakula bugali ileile, tonge zake tu ndizo zinazopungua. Mama anayepika mara mbili kwa siku huchoka upesi, na sufuria inayokufa kwanza ni ya mgonjwa.

"Papa naye ana presha, tunagawana vidonge." Hapana. Papa aje na fishi yake, na muombe randevu ya siku moja kwa wote wawili. Tukiombwa tunaweza kupanga hivyo. Tatizo ni kwamba watu hawaombi.

"Watoto wasiambiwe, wataogopa." Mtoto wa miaka kumi ndiye anayekuwa nyumbani saa kumi jioni sukari ya mama inaposhuka mno, naye anaanza kutoka jasho, kutetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka. Mfundisheni: vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, mama anywe, na baada ya dakika 15 kama hajapata nafuu arudie. Halafu ampe chakula. Mama akiwa hawezi kumeza au amezimia, asimtie kitu mdomoni. Amlaze ubavu, aite jirani, apelekwe hospitali.

Sukari ya dharura iwe na kopo lake, mahali mtoto anapofikia, na wageni wasitilie chai.