Bakuli halirudi tupu

Miaka michache iliyopita, saa sita usiku, mwanangu alishikwa na pumu. Katika jengo letu hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, mwenye gari ni jirani wa ghorofa ya tatu. Nilimbishia mlango, akatoka na leso mabegani, akatupeleka hospitalini na kukaa nasi kwenye benchi hadi alfajiri. Tuliporudi, hata kabla sijavua viatu, nilimtumia shilingi 1,500 kwa M-Pesa. Niliona ndiyo adabu.

Kesho yake tukakutana kwenye ngazi. "Mwalimu," akaniambia, "kumbe mimi ni teksi?"

Mimi hufundisha anthropolojia, na mada ya zawadi nimeifundisha muhula baada ya muhula. Maneno yale yalinichoma kwa sababu alikuwa amesema kwa pumzi moja jambo ambalo darasani hunichukua wiki mbili kulifafanua.

Mfaransa Marcel Mauss, katika insha yake ya mwaka 1925, alieleza kwamba zawadi hubeba wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Pierre Bourdieu, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wakabilia wa Algeria, aliongeza jambo ambalo ndilo lililonishtaki pale kwenye ngazi: kinachorudishwa lazima kichelewe kidogo, na kiwe tofauti na kilichotolewa. Ukirudisha kilekile papo hapo, ni kama umekikataa. Kule kuchelewa kwenyewe kuna kazi yake. Tangu siku niliyosaidiwa hadi siku nitakayosaidia, mimi na jirani tuna jambo kati yetu. Mimi nililimaliza kabla jua halijachomoza.

Mama zetu hawakuhitaji Mfaransa awaambie haya. Jirani akikuletea githeri, bakuli lake hulirudishi siku ileile, na hulirudishi tupu. Linakaa jikoni kwako siku mbili tatu mpaka upate mayai, au mboga zilizotoka mashambani, au mandazi ya moto. Hakuna anayepima kama mandazi matano yanatosha githeri ile. Hesabu ikilingana sawasawa hamdaiani tena, na wasiodaiana hawana la kuwapeleka mlangoni kwa mwenzao.

Lugha yetu nayo inalijua jambo hili. Tia -ana mwishoni mwa kitenzi, na tayari watu wawili wamo ndani yake: kusaidiana, kukopeshana, kutembeleana. Neno ninalolipenda kuliko yote ni kuzikana. Ukilichukua kwa hesabu tupu haliwezekani, maana niliyemzika hawezi kuja kunizika. Lakini kila mtu analielewa. Watakaokuja kwangu ni wanawe, au jirani zake, au watu wa chama chake. Fadhila haikai juu ya mtu mmoja. Huzunguka, na mara nyingi humrudia mtoaji kwa mkono ambao hakuwahi kuupa chochote.

Hilo nililiona kwa macho yangu kwenye kaunta buku ya mzee mmoja wa Kariobangi aliyekuwa amemzika mkewe. Kurasa zilikuwa na madoa ya mafuta ya taa na wino wa rangi tatu. Upande wa kushoto kulikuwa na majina, upande wa kulia michango. Nilitarajia pesa tu. Pesa zilikuwepo, 200 hapa, 1,000 pale, lakini katikati yake nikasoma: "sukari kilo 2", "sufuria kubwa, amerudishiwa", na karibu na mwisho, "alilala na mgonjwa siku tatu". Mstari huo ulikuwa na upana uleule wa mstari wa shilingi elfu. Mzee aliniambia kwamba kukiwa na msiba mtaani hulifungua daftari kwanza ndipo avae koti, na kama mfuko ni mkavu, huenda kupasua kuni.

Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, kutoa kumekuwa rahisi mno, na nashukuru. Aliye mbali hana tena sababu ya kukosa, na mwili husafirishwa nyumbani kwa michango ya watu ambao hawajaonana miaka. Ila orodha ile ya kundi la WhatsApp, yenye jina, kiasi na alama ya tiki, haina mahali pa kuandika aliyelala na mgonjwa. Mimi nikiwa katika kamati ya matanga huomba tuziandike zamu za hospitalini na waliobeba viti, palepale penye pesa. Wengine huona ninachelewesha mkutano. Nitaendelea kuomba.

Kuna kitu kimoja huua haya yote upesi kuliko ubahili, nacho ni masimango. Kiswahili kina kitenzi mahsusi, kusimanga, na kingine, kusimbulia, vya yule anayekukumbusha kwa dharau aliyokutendea: "Nani alikulipia kodi ulipofukuzwa kazi?" Deni ni lilelile, la kweli, lakini mdai akishalitamka hivyo, aliyesaidiwa hutafuta pesa kwa udi na uvumba ili alipe yote na asimwone tena. Ndiyo maana watu waungwana hukumbuka walichopewa na kunyamazia walichotoa.

Jirani yangu hakunisimanga. Alinirudishia zile 1,500, nami nikazipokea. Miezi mitatu baadaye mamake alifariki, nikapanda basi na wengine hadi kwao, nikamenya viazi usiku kucha kando yake. Ya hospitali hayakutajwa. Asubuhi alinifunga leso yake kiunoni kwa sababu gauni langu lilikuwa limelowa.

Wiki hii bakuli lake la kijani liko juu ya friji yangu, siku ya nne sasa. Alileta mbaazi. Mama yangu amesema atatuma parachichi kutoka Murang'a Ijumaa.