"Pumu yangu imetulia"

Mgonjwa anaandaliwa kwa upasuaji, anaulizwa kuhusu pumu, anajibu: "Imetulia." Wengi humaanisha kwamba leo hawajabanwa. Daktari wa usingizi ana maana yake. Pumu iliyotulia ni ile ambayo kwa wiki 4 zilizopita haikukuamsha usiku, haikukukwamisha kazini, wala haikukubana mchana au kukulazimisha kuvuta pampu ya bluu, ile ya kufungua kifua haraka, zaidi ya mara 2 kwa wiki. Maana yenyewe ndiyo hiyo, haina mengi.

Kinachokera ni imani kwamba hatari iko kwenye nusu kaputi yenyewe, eti mwenye pumu halazwi usingizi. Dawa nyingi za usingizi humfaa: propofoli hulegeza njia za hewa, ketamini huzitanua, gesi ya halotheni au sevoflureni vilevile. Kinachochokoza njia hizo ni mpira wa kupumulia unaopitishwa kooni mpaka ndani ya koromeo la hewa, hasa mgonjwa akiwa hajazama vizuri, na tena unapotolewa. Njia zilizovimba kwa ndani hujikaza ghafla. Mashine inasukuma, hewa haiingii, na iliyoingia haitoki. Kifua kikipiga mlio hapo, afadhali. Kikinyamaza kabisa ndipo jasho linatutoka, maana hakuna hewa inayopita.

Uvimbe huo hausubiri ujisikie vibaya. Mafua uliyopona wiki 2 zilizopita yanaweza kuziacha njia za hewa zikiwa nyepesi kujikaza hadi wiki 6. Ndiyo maana tunauliza maswali yanayofanana na umbea: umewahi kulazwa ICU, wodi ya mahututi, kwa pumu? Unavuta sigara? Dawa za maumivu kama aspirini au diklofenaki ziliwahi kukubana? Majibu yakitia shaka, upasuaji usio wa dharura husogezwa mbele na pumu ikatibiwa kwanza. Wa mguu au wa kujifungua mara nyingi hufanyika kwa ganzi ya mgongo, koo lisiguswe.

Halafu kuna lile agizo la "usile wala usinywe". Pampu si chakula, jamani. Wapo wanaoiacha nyumbani asubuhi ya upasuaji kwa utiifu tu. Ya kinga, ile ya kila siku, ivute kama kawaida, na ya bluu uje nayo mkononi. Huenda ukaambiwa uivute kabla ya kuingizwa thieta.

Ukiulizwa, taja tu mara ya mwisho ulipoamka usiku ukikohoa. Kama imetulia au la, tuachie sisi tuseme.