Kumwandaa Mtoto Mwenye Usonji Kulisha Wanyama Bustanini: Maswali na Majibu

Shule zinapokaribia kufungwa, baadhi ya wazazi wa Tabora mjini hujiuliza kama mtoto mwenye usonji anaweza kwenda na wenzake katika bustani ya wanyamapori, na pengine kumlisha mnyama mbele ya mhudumu. Anaweza, ila safari hiyo huanzia nyumbani.

Kwa nini aandaliwe, ilhali wenzake hupandishwa tu bajaji wakaenda?

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayoanza mapema utotoni. Hautokani na malezi mabaya, chanjo wala laana. Pamoja na kugusa namna mtoto anavyowasiliana na watu, mara nyingi hubadilisha namna anavyopokea sauti, harufu na mguso. Harufu ya mkojo wa wanyama, ambayo wewe huizoea baada ya dakika chache, yeye huenda asiizoee kabisa, na ngurumo ya simba, ambayo porini huweza kusikika hadi kilomita 8, inaweza kumuumiza kweli akiwa karibu. Mwingine yuko kinyume: hashtuki wala hasikii maumivu upesi, na huyo ndiye atakayepenyeza mkono kwenye uzio bila kusita. Wapo pia wanaochanganya yote mawili, kwa hiyo mzazi amsome mtoto wake kwanza.

Maandalizi yaanze lini, na yafanywe vipi?

Kwa watoto wengi wiki 2 ni muda wa kutosha. Kabla ya lolote, nenda bustanini peke yako. Muulize mhudumu kama wageni wanaruhusiwa kulisha, mnyama gani, kwa chakula kipi na saa ngapi watu ni wachache. Kisha piga picha za lango, njia, choo, bomba la maji na mahali penyewe. Usimwahidi mtoto kabla ya kupata jibu, kwa sababu watoto wengi wenye usonji hulichukua neno kama lilivyosemwa, na ahadi iliyovunjika langoni inaweza kuharibu siku nzima.

Kwa picha hizo mtungie kisa kifupi, kwa njia iliyoanzishwa na mwalimu wa Marekani, Carol Gray, miaka ya mwanzo ya 1990. Kinaweza kuwa hivi: “Jumamosi nitakwenda bustanini na mama. Wanyama wana harufu. Nikitaka, nitampa mnyama majani. Nisipotaka, nitamtazama tu. Kisha tutanawa mikono na kurudi nyumbani.” Kisome kila jioni kwa maneno yaleyale. Sentensi ya “nisipotaka” isiondolewe. Ndiyo inayompa mtoto mlango wa kutokea.

Mazoezi ya mkono yafanyike kwa mbuzi wa nyumbani au wa jirani. Siku za kwanza mtoto atazame tu ukilisha. Baadaye arushe majani kwa mbali, kisha mshike sinia pamoja, na mwisho kabisa aweke jani juu ya kiganja kilichonyooshwa, vidole vikiwa vimebanana ili visiumwe. Kinachowashtua wengi si meno, bali midomo yenye unyevu na pumzi ya moto inayopita kiganjani. Kwa hiyo siku chache kabla, pitisha kitambaa chenye maji ya vuguvugu kwenye kiganja chake, naye akiwa anajua kinachokuja. Hatua inayomtoa machozi irudishwe nyuma, hata kama safari itasogezwa.

Siku yenyewe izingatie nini?

Nendeni asubuhi, hasa Septemba na Oktoba ambapo jua la Tabora kabla ya mvua ni kali. Mtoto awe amekula, amevaa nguo alizozizoea, na awe na viziba masikio kama vile vya mafundi seremala. Wawepo watu wazima wawili, kwani watoto hawa wanaweza kuponyoka ghafla, na namba ya simu iandikwe kwenye karatasi mfukoni mwake. Dakika 40 zinatosha.

Akilemewa na kuanza kupiga kelele au kujitupa chini?

Huo si utundu, na watazamaji watakaosema achapwe wasikilizwe kwa heshima na kupuuzwa. Msogeze kwenye kivuli mbali na watu, punguza maneno, usimkumbatie kwa nguvu kama hapendi, na umsubiri atulie. Siku hiyo kulisha kumekwisha.

Akikataa kulisha?

Mwache atazame. Hata akisimama hatua 10 kutoka kwenye uzio, amefanya kile alichosomewa kwenye kisa chake.

Sisi wa Kigoma, tumpeleke Gombe akawalishe sokwe?

Hapana. Sokwe wa hifadhini hawalishwi na wageni. Hutazamwa kwa mbali kwa kuwa huambukizwa magonjwa ya kupumua ya binadamu. Nyani nao hunyang'anya chakula mkononi. Mbuzi wa jirani anatosha.

Kuna hatari gani ya magonjwa?

Mnyama anayeonekana mzima anaweza kubeba vimelea vya kuhara, na kobe hujulikana kwa kubeba salmonela, mojawapo ya vimelea hivyo. Watoto wa chini ya miaka 5 ndio walio hatarini zaidi, na wapo wenye usonji wanaotia kila kitu mdomoni hata wakiwa wakubwa. Huyo asimamiwe mkono kwa mkono. Asile wala kunyonya kidole eneo la wanyama, na anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20. Kama kuhesabu kunamtuliza, mhesabie. Akiharisha damu au akipata homa siku zinazofuata, mpelekeni kituo cha afya na mtaje kwamba aligusa wanyama.

Akiumwa au kukwaruzwa na mnyama, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mfike kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama ni dogo, ili mhudumu wa afya aamue kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa. Jioni wakati wa kumwogesha, mkague vidole, viganja na miguu, maana mtoto asiyezungumza huenda asikuambie kwamba amekwaruzwa.