Farasi Akisimama Tuli, Usidhani Ametulia

Msimu wa fataki ukikaribia, simu huanza: "Daktari, nimpe dawa gani asiogope?" Nami huuliza kwanza: kelele zikianza, huwa anaendelea kula?

Farasi husikia sauti za kuanzia hezi (mitetemo kwa sekunde) 55 hivi hadi zaidi ya hezi 33,000, wakati sisi tunaishia kwenye 20,000. Hapo ametushinda. Lakini kujua sauti inatokea upande gani, sisi ni hodari kuliko yeye: mtu hutofautisha pembe ya nyuzi moja hivi, farasi huhitaji kama 25. Kwa hiyo kishindo kikilia nyuma ya ukuta, huinua kichwa na kutaka kugeuka aone. Ukimbana kamba wakati huo, unamzuia kuthibitisha kwamba hakuna hatari. Mlegezee ageuke. Mara nyingi akishaona hupumua kwa nguvu na kurudi kwenye nyasi zake.

Anayekimbia na kuruka kila mtu humwona. Ninayemhofia mimi ni yule asiyetikisika: kidevu kimekaza, ngozi juu ya jicho imejikunja, mkia umebanwa, nyasi ziko mdomoni lakini hatafuni. Watu humsifu kuwa ameshazoea. Hajazoea chochote, ameganda kwa hofu, na hofu hiyo ikifyatuka hubomoa uzio.

Ndiyo maana kipimo changu ni kutafuna. Wiki nyingi kabla ya msimu, weka spika nje ya banda na ucheze milio iliyorekodiwa, kwa sauti ndogo kiasi kwamba sikio moja tu linageuka huku taya zikiendelea na kazi. Mlio utangulie, ndipo chakula akipendacho kifuate. Ukigeuza mpangilio huo, ndoo yenyewe itakuwa king'ora cha hatari, na farasi ataanza kutetemeka akiiona tu. Ongeza sauti kidogo kidogo. Akiacha kutafuna, umevuka mpaka, punguza. Spika haitoi mtikisiko wa ardhi wala mwako wa angani, kwa hiyo usitarajie miujiza. Ila kumfunga karibu na kelele mpaka azoee ni ukatili, tena humfundisha kuogopa hata mahali penyewe.

Usiku wenyewe mwache mahali anapopajua, na mwenzake aliyemzoea, nyasi kavu tele na taa zikiwaka ili mwako wa fataki usimshtue sana. Aliyezoea kulala nje usimfungie ndani ghafla.

Sasa dawa. Asepromazini, dawa ya kutuliza, inaweza kumlegeza mwili hofu ikibaki palepale, na kwa farasi dume kuna hatari, ingawa ni ndogo, ya uume kushindwa kurudi ndani. Jeli ya detomidini, dawa nyingine ya kutuliza, huwekwa chini ya ulimi, nawe uvae glavu kwa sababu hupenya ngozi yako pia. Huchukua kama dakika 40 kufanya kazi, na akishapandwa na hofu hufanya kazi vibaya. Kipimo kiamuliwe na daktari aliyemchunguza. Aliyelegea kwa dawa bado anaweza kupiga teke, usisimame nyuma yake.

Na farasi mtulivu wa miaka mingi akianza ghafla kushtushwa na kila mlio, kabla ya spika wala jeli, nampima kwanza masikio, meno na mgongo. Mwenye maumivu hushtuka upesi.